UMEME WA JUA MAJUMBANI: FUNZO KUTOKA SHINYANGA NA GEITA

(Matini ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya Masheha na wajumbe wa kamati za maendeleo)





Sina haja ya kukukumbusheni uzito wa giza. Mwezi wa Mei 2008 Unguja ilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Disemba 2009 ikakosa tena kwa kiasi cha miezi mitatu, kutokana na hitilafu katika njia iletayo umeme kutoka Bara. Leo napenda tuwatazame wenzetu ambao hawakuungojea waya.

Huko Shinyanga kaya za wakulima wa pamba na wafugaji zimetawanyika mbalimbali, na kila nguzo ya umeme ni gharama. Geita, iliyokuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012, ina kambi za wachimbaji wadogo wa dhahabu zinazohama kila dhahabu inapoibuka kwengine. Nguzo haihami, paneli hubebwa. Ndipo umeme wa jua ulipopata nafasi yake.

Ndugu Wananchi, neema hii ina hesabu yake. Taa tatu za wati 5 zikiwaka saa nne hutumia wati-saa 60. Redio ya wati 5 kwa muda huo, 20. Simu mbili, kiasi cha 20. Jumla ni 100. Paneli ya wati 50 ikipata saa nne za jua kali hutoa 200, na hata robo ikipotea njiani hubaki 150. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 40 huhifadhi 480, lakini betri ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Nusu hiyo yatosha usiku mbili za mawingu.

Hasara huanza pale mtu anapoongeza televisheni, kisha jokofu, juu ya mtambo ule ule. Betri hukamuliwa kila usiku, na baada ya muda mfupi hufa. Kaya iliyouza mbuzi, au inayolipa kidogo kidogo kwa simu, hurejea kwenye koroboi ilhali deni lingalipo. Kadhalika, karasha la kusagia mawe ya dhahabu haliendeshwi na paneli ya nyumbani.

Kwa hivyo, tunashauriwa yafuatayo:

1. Hesabu matumizi kabla ya kununua, na udai risiti na dhamana.

2. Usiunge betri bila ya kidhibiti chaji.

3. Paneli ielekezwe kaskazini kwa mwinamo mdogo, mbali na kivuli, na ifutwe vumbi. Kwetu sisi, ifutwe na chumvi ya bahari.

4. Betri iliyokufa isivunjwe wala kumwagwa shambani. Risasi ni sumu, kama ilivyo zebaki wanayoijua wachimbaji, na watoto ndio wanaodhurika zaidi.

Hapa kwetu, Kibokwa, akina mama wasiosoma sana wamefunzwa kuunganisha na kutengeneza mitambo hii. Basi ujuzi si wa mbali. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kikivuja, hakijai.