FUNDI YUPO, DAFTARINI HAYUMO
(Maneno ya Katibu wa Chama katika Mkutano Mkuu wa wanachama)



Leo nataka tuzungumze habari ya watu wa takwimu. Wako wenzetu wakimwona mtu na karatasi za maswali husema, "Kodi hiyo imekuja!" Siyo kodi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo makao yake yako hapa Dodoma, hufanya Utafiti wa Ajira na Mapato. Waajiri huulizwa: Una watumishi wangapi? Unawalipa kiasi gani? Nafasi zipi ziko wazi? Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inalinda siri ya anayejibu. Basi tusijifiche, maana majibu hayo husaidia kupanga vijana wafundishwe kazi gani.

Asiyeuliza mapema huumia. Tazameni Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga. Ardhi ilikuwa kavu na ngumu, matrekta yakaharibika, na wenye ujuzi wa kuyaendesha na kuyatengeneza walikuwa wachache. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa.

Sasa kazi zimetujia tena. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, ujenzi uliongezeka: Mji wa Serikali pale Mtumba, uwanja wa ndege Msalato, na reli ya SGR ambayo mwaka 2024 ilianza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam. Mwajiri akiulizwa kwa nini nafasi iko wazi, jibu la haraka ni, "Mafundi hawapatikani." Ndugu zangu, jibu hilo tulichambue. Lina mambo matatu ndani yake.

Kwanza, ujuzi haupo kweli. Dawa yake ni chuo.

Pili, ujuzi upo, cheti hakuna. Hapa kwetu wako waashi waliojenga nyumba hizi tunazolala, lakini wakifika getini wanaulizwa karatasi.

Tatu, ujuzi upo na cheti kipo, ila mshahara unaishia kwenye nauli na chakula. Hapo kilichopungua ni ujira, siyo mafundi. Ukipeleka vijana kumi chuoni na ujira ukabaki ule ule, watajifunza kisha watakwenda zao.

Tusicheke waajiri wa mjini. Chama chetu nacho ni mwajiri. Tunataka mtunza hesabu, karani wa mizani, mlinzi. Tunataka wapogoaji wa zabibu, maana zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na ukipogoa vibaya umepoteza msimu. Kila mara tunalalamika eti watu hawapatikani. Je, tunawalipa nini? Na tunawalipa lini?

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu:

1. Chama kikiulizwa na watu wa takwimu, tujibu kweli tupu. Kama nafasi imekosa mtu kwa sababu ya ujira mdogo, tuseme hivyo.

2. Wenyeviti wa vitongoji waandike daftari la mafundi: jina, kazi, miaka aliyoifanya, na cheti kama anacho. Akina mama wasiachwe. Mama anayepogoa zabibu ni fundi, anayeshona nguo ni fundi.

3. Waliojifunzia kazini waende VETA. Chombo hicho kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na kina utaratibu wa kupima ujuzi wa fundi ambaye hakupita chuoni. Akifaulu, anapewa cheti. Mkutano uamue leo hii kama chama kitawakopesha nauli na ada.

Ndugu wanachama, likisemwa huko mjini kwamba mafundi hawapatikani, daftari letu liwe na jibu.

Ushirika ni nguvu.