Vyumba vya Kupangisha na Deni Lake
(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, mkoani Singida)



Leo tuzungumze juu ya vyumba vya kupangisha. Katika vijiji vya barabarani hapa Singida, walimu, wauguzi na wachuuzi hutafuta vyumba. Wengine wetu tuna tembe la zamani. Je, tunaweza kulitengeneza lituletee fedha? Tunaweza. Lakini tuanze na kalamu kabla ya nyundo.

Tembe huharibika juu na chini. Juu, mvua hupenya udongo wa paa, miti ikaoza. Chini, mchwa hula nguzo. Basi tengeneza kwanza paa na msingi. Mawe tunayo tele Singida. Rangi ingoje. Choo kisingoje, maana mpangaji asiye na choo atahama.

Haya, tuje kwenye fedha. Tuseme umekopa shilingi 300,000 kwa mkopeshaji wa mtaani. Riba ni asilimia 10 ya deni kila mwezi. Una vyumba viwili, kila kimoja kodi yake 20,000. Mwezi wa kwanza riba ni 30,000. Kodi yote ni 40,000. Ukiilipa yote, deni linapungua 10,000 tu. Chumba kimoja kikikaa kitupu, unapata 20,000. Hiyo haitoshi hata riba. Unalipa, na deni linakua!

Sasa tuseme chama cha akiba na mikopo kinakukopesha 300,000 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Unamaliza deni la kwanza, unabaki na la chama. Riba ya mwezi wa kwanza ni 6,000. Deni linapungua 34,000. Hata chumba kimoja kikiwa kitupu, linapungua 14,000. Nyumba ni ile ile, kodi ni ile ile. Kilichobadilika ni riba.

Lakini tuangalie sana. Uliza kwanza ada za mkopo mpya. Usiuongeze kwa ajili ya harusi, kwani harusi hailipi kodi. Kila mwezi weka kidogo kwa matengenezo.

Tena kuna dhamana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamwezesha mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo inaweza kuwekwa rehani. Maana yake, ukishindwa kulipa unaweza kupoteza nyumba. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Basi kaeni wote wawili, mpige hesabu pamoja.

Zamani wazee wetu walitia dole gumba kwenye karatasi wasiyoweza kuisoma. Sisi tunasoma. Tusome yote, ndipo tutie sahihi.

Maswali ya kujadili:
1. Riba ya asilimia 5 kwa deni la 300,000 ni shilingi ngapi kwa mwezi?
2. Kijijini kwenu, nani anatafuta chumba, na anaweza kulipa kiasi gani?