Kivuko cha Reli Kinapofungwa: Wajibu wa Chama



Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, hukatana na barabara nyingi hapo hapo ardhini. Dodoma na Tabora ziko kata ziitwazo Tambukareli, na jina hilo laeleza desturi: mtu husimama, hutazama huku na huku, kisha huvuka. Reli mpya, ambayo treni zake za abiria zilianza kufika Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, hairuhusu desturi hiyo.

Sababu ni mwendo. Treni iendayo kilometa 160 kwa saa hupita mita 44 kila sekunde. Mkokoteni ukitumia sekunde 20 kuvuka, treni iliyokuwa karibu mita 900 imekwisha fika, wala dereva hawezi kuisimamisha ghafla. Ndiyo maana njia imezungushiwa uzio, na watu huvuka juu ya daraja au chini yake.

Mamlaka ya Serikali kufunga kivuko kwa ajili ya usalama yana msingi: uhai hutangulia mazao. Hata hivyo, gharama ya kuzunguka humwangukia mkulima. Mwanachama aliyeongezewa kilometa 4 za kwenda na 4 za kurudi, akienda ghalani mara 10 kwa msimu, huongezewa kilometa 80. Wanachama 200 wa namna hiyo huongezewa kilometa 16,000. Hesabu ya aina hii ni hoja. Manung'uniko matupu si hoja.

Kwa hiyo Katibu hana budi kufanya mambo matatu. Kwanza, ajue barabara ni ya nani: barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, za vijijini na mijini ni za TARURA. Pili, aandike idadi ya wanachama, magunia, umbali, na miezi ambayo njia ya chini hujaa maji. Tatu, hoja ipitishwe mkutanoni, iingie katika muhtasari, na kupitia Serikali ya Kijiji ifikishwe kwa mwenye barabara na kwa Shirika la Reli, nakala kwa LATRA. Ifike mapema, kabla daraja halijajengwa mahali pasipofaa.

Kivuko kikishafungwa, mwanachama asikate uzio ili kufupisha safari. Gunia lililochelewa litapimwa kesho. Maji yakimwagika hayazoleki.