Akiba ya Askari na Bomba la Mafuta



Kila mwisho wa mwezi, mshahara wa askari aliyepangiwa kazi Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, huingia benki. Hutoa fedha ya chakula na ya shule ya watoto, na kinachobaki hukiita akiba. Lakini fedha hiyo haikai ikimngojea mwenyewe. Benki huikopesha kwa wengine na kupata riba. Kwa hiyo ni haki ya mwenye akiba kuuliza: amekopeshwa nani, na kwa kazi gani?

Mwezi Machi 2025 ilitangazwa kwamba fungu la kwanza la mikopo ya bomba la mafuta ghafi limepatikana. Bomba hilo, lenye urefu wa kilometa 1,443, linatoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Miongoni mwa wakopeshaji ilikuwamo Standard Bank ya Afrika ya Kusini, ambayo ndiyo mmiliki wa Stanbic ya Zambia. Hii haina maana kwamba kwacha ya Nchelenge ilipelekwa Hoima, kwani kila kampuni ina hesabu zake. Hata hivyo, mwenye mali ni mmoja. Benki nyingine zilikataa; Standard Chartered ilitangaza mwaka 2023 kwamba haitakopesha bomba hilo.

Serikali za Uganda na Tanzania zinalitetea bomba hilo kwa ajili ya mapato na ajira, na hoja hiyo si ya kubezwa. Zambia yenyewe ina umeme wa makaa ya mawe ya Maamba, na bila huo giza la mwaka 2024 lingekuwa zito zaidi. Mwaka huo, tarehe 29 Februari, Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa maafa ya taifa. Maji ya Kariba yalipungua, na umeme ukakatwa saa nyingi kwa siku. Mahali pasipo umeme hapana barafu, na samaki mbichi wa Mweru hangoji. Ukame ule ulitokana hasa na El Niño. Lakini dunia iliyopashwa joto na moshi wa mafuta na makaa hukausha udongo na maji upesi zaidi. Anayeweka akiba ana haki ya kuzipima hoja zote mbili.

Wapo wanaosema kwamba akaunti ya mtu mmoja haitikisi benki. Historia inasema vingine. Mwezi Mei 1986 ndege za makaburu zilishambulia karibu na Lusaka. Mwezi Novemba mwaka huo huo, benki ya Barclays ya Uingereza ilitangaza kuuza hisa zake zilizobaki katika Afrika ya Kusini. Kwa miaka mingi wanafunzi wa Uingereza walikuwa wamefunga akaunti zao, au wamekataa kuzifungua, katika benki hiyo. Kila mmoja wao alikuwa na fedha kidogo. Kwa pamoja walisikika.

Nidhamu ya kazi haimruhusu askari kuandamana na sare yake. Lakini kuiandikia benki barua, na kutaka jibu la maandishi kuhusu mikopo yake ya mafuta na makaa, ni haki ya mteja yeyote. Barua ya askari mmoja yaweza kutupwa. Barua za kikosi kizima si rahisi kutupwa.

Anayeamua kuhama na asihame kwa pupa. Askari mwenye mkopo unaokatwa katika mshahara amalize kwanza, au apate maafikiano ya maandishi, asije akaangukia deni na faini. Benki mpya nayo iulizwe swali lile lile, hata ikiwa ni ya serikali kama NATSAVE, iliyoanzishwa mwaka 1972. Chilimba cha wenzake kambini kinafaa kwa akiba ndogo, mradi daftari liwe wazi kwa wote.

Askari hufundishwa kutoacha silaha yake mikononi mwa mtu asiyemjua. Mshahara wake nao ni jasho lake, na unastahili ulinzi huo huo.