Kidonge cha Vitamini D na Moyo Wako
(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Nachingwea na Ruangwa)



Siku moja hapa Nachingwea, baada ya kipindi, mwanafunzi mmoja wa kike alisubiri wenzake watoke. Akaniambia taratibu: "Dada, mimi ni mnene, na mama ana presha. Nimeambiwa nikimeza vitamini D moyo wangu utakuwa salama. Nimeanza kuweka hela ya chai ninunue. Nifanyeje?"

Namjibu mbele yenu, maana hayuko peke yake. Ukinenepa, nyumbani unaambiwa umenawiri, shuleni unaitwa bonge. Hapo katikati ndipo anapojitokeza mtu wa kukuuzia kidonge.

Vitamini D huusaidia mwili kutumia madini ya kalsiamu kujenga mifupa na meno. Mtoto akiikosa anaweza kupata matege. Ngozi huitengeneza yenyewe ikipigwa na jua. Tunaipata pia kwenye samaki wenye mafuta, maini na kiini cha yai.

Sasa, habari za moyo zimetoka wapi? Ni kweli kwamba watu wanene mara nyingi huwa na vitamini D kidogo katika damu. Sababu mojawapo ni kuwa vitamini hii hujificha kwenye mafuta ya mwili. Ikaonekana pia kuwa wagonjwa wengi wa moyo wana upungufu huo. Watu wakasema, basi tuwape vidonge! Lakini ngoja kwanza. Jogoo huwika na kukakucha, ila si jogoo aliyeleta jua.

Vidonge vikajaribiwa. Huko Marekani, watafiti wa Mayo Clinic waliwapa kundi dogo la vijana wanene yuniti 100,000 mara moja kwa mwezi, kwa miezi 3. Vitamini katika damu ilipanda, lakini mishipa ya damu haikupata nafuu. Tena mafuta katika damu yaliongezeka. Mwaka 2018 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa wa watu wazima zaidi ya 25,000, waliofuatiliwa kwa miaka 5 hivi. Waliomeza vitamini D hawakupungukiwa na mshtuko wa moyo wala kiharusi kuliko wale waliomeza vidonge visivyo na dawa.

Na kwetu je? Mwaka 2012 ulitangazwa utafiti uliopima damu ya Wamasai na Wahadzabe hapa Tanzania, watu wanaoshinda nje juani. Walikuwa na vitamini D ya kutosha kabisa, wastani wa nanomoli 115 kwa lita, bila kumeza kidonge hata kimoja. Jua hilohilo linawaka Ruangwa na Nachingwea, wala halina bei.

Vitamini D nyingi kupita kiasi ni hatari. Kalsiamu huzidi katika damu, ukapata kichefuchefu, kiu kali, na hata figo kuharibika. Kama daktari amekupima na kukuandikia, meza kama alivyosema. Usijiandikie mwenyewe.

Je, moyo unalindwa na nini?

1. Mazoezi. Vijana wanashauriwa dakika 60 kila siku. Mchakamchaka, netiboli, mpira, kutembea kwenda shule, kuchota maji, vyote vinahesabika. Na ukiwa nje, jua unalipata hukohuko.

2. Chakula. Mbaazi, kisamvu, mlenda, samaki na matunda viwe vingi. Chipsi, maandazi na chumvi ya kuongeza mezani vipungue. Kola ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai. Kiu ikikubana, kunywa maji.

3. Sigara usiguse.

4. Pima presha. Mara nyingi haina dalili, na katika familia nyingine hurithiwa.

Na wewe dada yangu uliyeniuliza, hela ya chai inywee chai. Usijinyime chakula, maana njaa si dawa ya unene. Siku mama anapokwenda kliniki, mfuate, na wewe upimwe. Jioni mwite mkatembee pamoja, kwa sababu moyo wake nao unahitaji.

Na nyinyi mnaomwita mwenzenu bonge, acheni. Anayechekwa uwanjani kesho hatarudi uwanjani, na uwanja ndiyo dawa yake.

Mwenye swali aulize.