Barua ya Sauti ya Kwanza: Maneno ya Katibu Siku ya Jubilei

Leo ni jubilei ya miaka 25 ya kwaya yetu.

Historia yetu mmeisoma kurasa za mbele, kwa hivyo dakika zetu chache tutazitumia kwa jambo moja. Tangu Pasaka kamati ina barua ya mwenzetu wa sauti ya kwanza. Anaomba ruhusa ya miezi mitatu akaimbe na kikundi kidogo cha opera mjini. Wapo waliosema hayo ni mambo ya dunia. Wengi zaidi wanaogopa tu kwamba hatarudi, na hofu hiyo tunaielewa: sauti ya kwanza wamebaki wanne, na mmoja yuko karibu kujifungua.

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa, okestra ikipiga, na kwa kawaida mwimbaji hana kipaza sauti. Nota zote huwa kichwani. Katika kikundi kidogo mtu huimba sehemu yake, kisha hubadilisha vazi haraka arudi kuimba na kundi. Anayesema hiyo ni starehe hajajaribu.

Sisi tuliposoma barua ile tulimkumbuka Mary Cardwell Dawson, Mmarekani mweusi aliyehitimu masomo ya muziki mjini Boston mwaka 1925. Siku hizo Metropolitan Opera ya New York haikumpa mwimbaji mweusi sehemu ya kuimba, hata angekuwa na sauti ya namna gani. Mary alifungua shule ya muziki Pittsburgh, akaunda kwaya iliyosifika sana, na mwaka 1941 akaanzisha National Negro Opera Company. Walianza na Aida ya Verdi, hadithi ya binti mfalme wa Ethiopia aliyetekwa Misri. La Julia Rhea ndiye aliyeimba sehemu ya Aida. Kumbe binti wa Afrika anaweza kuimbwa na mwanamke mweusi!

Pesa ziliwasumbua miaka yote. Hata hivyo, mwaka 1943 waliimba La Traviata mjini Washington juu ya jukwaa lililoelea kwenye mto Potomac, Lillian Evanti akiongoza kwa sauti yake, na watu wakaja kwa maelfu. Mama huyo aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1962.

Mmoja wa walioimba naye, Robert McFerrin, alipanda jukwaa la Metropolitan mnamo Januari 1955, na opera ilikuwa ile ile Aida. Wiki chache kabla yake, mwezi huo huo, Marian Anderson alikuwa amefungua mlango huo. Hapa tunaomba wazee wetu watusikilize vizuri. Marian alianzia kwaya ya kanisa lake mjini Philadelphia akiwa mtoto. Nyumbani hawakuwa na pesa za kumlipia mwalimu wa sauti. Washirika wa kanisa lile walichanga, wakamlipia.

Mwenzetu hajaomba tumchangie. Ameomba ruhusa tu, na ameandika kwamba Jumapili atakuwa nasi kila atakapoweza. Akirudi, atakuwa amejifunza kupumua na kutamka maneno mpaka mama aliyeketi kiti cha mwisho ayasikie, jambo ambalo mwalimu wetu ametuimbia hadi akachoka.

Mazoezi ya kikundi hicho yanaanza mwisho wa mwezi. Kamati inakutana Jumatano saa kumi na moja jioni, ofisini kwa mchungaji. Sisi wa ofisi ya katibu tutapendekeza aruhusiwe, na nauli yake ya wiki ya kwanza itoke katika mfuko wa kwaya.