Nyumba ya Watoto Wetu
Hotuba ya Halmashauri ya Shule, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mukumu



Tumesimama mbele yenu leo ili tuwape habari za shule ya watoto wadogo ambayo chama hiki kilikubali ianzishwe hapa Mukumu. Mweka hazina amekwisha kuwasomea mapato na matumizi. Hesabu ni jambo jema, lakini haisemi yote. Kazi yetu ni kuwaeleza yale ambayo hesabu haiyasemi: shule hii ni ya namna gani, tulikosea wapi, na ni maneno gani twataka myakate leo kabla hatujatawanyika.

Wazee kadhaa wametuuliza, Je, Mukumu ina upungufu wa shule? Mapadre wa Mill Hill walifika hapa mwaka wa 1906, na tangu hapo jina la Mukumu limetajwa pamoja na shule katika Kenya nzima. Kwa nini basi tuchukue njia ya mama mmoja wa Italia, tena njia ambayo katika miji mikubwa hufuatwa na watoto wa matajiri? Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu kwanza.

Mwaka uliofuata ule wa kufika kwa Mapadre hapa, yaani tarehe 6 Januari 1907, Daktari Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Roma. Mtaa huo haukuwa wa matajiri. Ulikuwa mtaa wa vibarua. Baba na mama walitoka asubuhi kwenda kutafuta riziki, na watoto waliokuwa bado hawajafikia umri wa shule walibaki peke yao, wakikimbia ngazini na kuchafua kuta. Wenye majumba wakapiga hesabu, wakaona ni nafuu kuwakusanya watoto hao katika chumba kimoja, chini ya mlezi mmoja, kuliko kutengeneza kuta kila mara. Ndivyo watoto wapatao 50 walivyowekwa chini ya uangalizi wa daktari huyo.

Yeye alikuwa amekwisha kufanya kazi na watoto wenye upungufu wa akili, na vifaa alivyowatengenezea wale alivileta kwa hawa wa San Lorenzo. Kisha akakaa akitazama. Akaona ya kuwa mtoto wa miaka mitatu au minne, akipewa kazi inayolingana na mkono wake, huifanya, huivunja, huifanya tena, bila kusukumwa na mtu, na mwisho huiacha akiwa mtulivu. Akaona pia kwamba watoto wale waliziacha sesere walizoletewa wakavishika vifaa vya kazi. Mafundisho yake yote yalitokana na kutazama huko.

Basi, Wazee wetu, njia hii ilizaliwa katika nyumba za watu wa hali ya chini. Ikiwa leo mahali pengine jina la Montessori limekuwa kibandiko cha karo kubwa, kosa si la njia yenyewe. Sisi twataka kuirudisha kwa watu ambao ilianzishwa kwa ajili yao: mtoto wa mchuma chai, wa mama muuza mboga sokoni Khayega, wa kijana wa bodaboda, na yatima anayelelewa na nyanya yake.

Pengine mtauliza, Watoto hao hufanya nini mchana kutwa? Ingieni chumbani mwone. Mmoja anamimina maji kutoka jagi dogo hata jagi jingine, na yakimwagika huchukua kitambaa akayapangusa mwenyewe. Mwingine anachambua maharagwe, mwingine anafunga na kufungua vifungo. Hapa mama zetu hawana la kujifunza kutoka Roma, maana tangu zamani mtoto wa kwetu alipewa kibuyu chake kidogo cha kuendea kisimani na jembe lake dogo la kulimia. Tofauti ni kwamba darasani kila kazi imepangwa kwa hatua, na kila kitu kina mahali pake ambapo lazima kirudishwe.

Baada ya kazi za mikono huja vifaa vya kuzoeza macho na vidole. Kuna mnara wa vipande 10 vya mbao, kipande kidogo kikiwa na upana wa sentimeta 1 na kikubwa sentimeta 10. Kuna fimbo 10, kuanzia urefu wa sentimeta 10 mpaka mita 1. Mtoto akikosea kupanga, haambiwi kwamba amekosea, bali jicho lake lenyewe humwonyesha. Kwa hesabu kuna ushanga: punje moja, uzi wa punje 10, mraba wa 100, na mchemraba wa 1,000. Mtoto aliyebeba elfu moja mkononi akaona uzito wake hatalisahau neno elfu. Kwa kusoma kuna herufi zilizokatwa katika msasa na kubandikwa juu ya ubao. Mtoto huipapasa herufi kwa vidole huku akitamka sauti yake. Kwa njia hii lugha yetu ya Isukha, na Kiswahili pia, zina bahati kubwa, kwa kuwa herufi husomwa kama inavyosikika. Kiingereza hakina wepesi huo, na ndiyo sababu tunakiacha kije baadaye, wakati ambapo mtoto amekwisha kujua kwamba maandishi ni maneno yanayosema.

Sasa twataka kuungama makosa yetu, maana chama kisichotaja makosa yake huyarudia.

Kosa la kwanza: siku ya kufungua tulimpokea kila mtoto aliyeletwa. Tulifurahi kuona chumba kimejaa, na tukapiga picha. Lakini chumba kilikuwa na kilio kuanzia asubuhi hata saa sita. Vipande vya mnara vilirushwa, na mwalimu hakupata nafasi ya kumwonyesha mtoto hata mmoja kazi moja mpaka mwisho.

Kosa la pili: tulitangulia kununua lango la chuma na kupaka kuta rangi za kupendeza, ili wapita njia waione shule. Fedha iliyobaki haikutosha mshahara. Mwalimu wetu wa kwanza alivumilia kwa muda, kisha akaenda mahali alipolipwa kwa wakati. Hatumlaumu. Watoto waliendelea kumtafuta mlangoni majuma mengi.

Kosa la tatu ndilo linalotuuma zaidi. Katika muhula wa pili tuliwarudisha nyumbani watoto ambao karo yao haijalipwa. Miongoni mwao alikuwa msichana mmoja anayelelewa na nyanya yake. Asubuhi iliyofuata nyanya huyo alikuja na mtoto mkononi, akasema kwamba fedha hana, ila mikono anayo, na kama shule ina la kufanya yeye yu tayari kulifanya. Hatukuwa na jibu. Hatimaye tulimpa kazi ya kufua vitambaa na kushona mifuko ya kuwekea vifaa, na mpaka leo hapana anayeifanya vizuri kuliko yeye. Lakini wengine waliorudishwa siku ile hawakuja tena. Hao ni deni letu, wala halimo katika kitabu cha mweka hazina.

Kutokana na makosa hayo tumejifunza jambo moja, nalo ndilo kiini cha maneno yetu yote. Katika shule ya namna hii vitu viwezavyo kuwa rahisi ni vingi, na kitu cha ghali ni kimoja tu. Kitu hicho ni mwalimu aliyefunzwa, anayelipwa, na anayekaa.

Vifaa viwezavyo kuagizwa ng'ambo kwa fedha nyingi, maseremala wetu waweza kuvitengeneza. Mabaki ya mbao katika karakana hukatwa, hupigwa randa na kusuguliwa kwa msasa. Twataka mambo mawili tu: vipimo viwe sahihi kabisa, maana mnara usio sawa humdanganya mtoto, na rangi iwe isiyo na madini ya risasi, kwa sababu watoto hutia vitu kinywani. Ushanga mama zetu waweza kuutunga.

Lakini mwalimu hatengenezwi karakanani. Wazee wetu mnayakumbuka mambo ya Harambee baada ya uhuru wa 1963. Watu walitoa mahindi, matofali, ng'ombe na jasho, na shule zikasimama katika kila upande wa nchi. Nyingi zilipata kuta kabla ya kupata walimu, na watoto walioketi ndani ya kuta hizo walipata taabu. Kusimamisha ukuta ni kazi ya siku chache. Kumlipa mwalimu ni kazi ya kila mwezi, wala haipigiwi ngoma.

Mfano mwema tunao humu humu nchini. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliofukuzwa makwao walipiga kambi ya New Canaan karibu na Nakuru. Huko ilianzishwa kazi ya Montessori iitwayo Corner of Hope. Waanzilishi hawakuleta walimu wa kukaa siku chache na kuondoka, bali waliwafundisha watu wazima wa kambi ile ile wawe walimu wa watoto wao wenyewe. Ikiwa waliopoteza nyumba na mashamba waliweza hayo, sisi tuliolala usiku wa jana katika nyumba zetu hatuna udhuru.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaleta mbele ya mkutano huu maneno manne.

Kwanza, mshahara wa mwalimu ulipwe kabla ya tumizi jingine lolote, na chama kiweke akiba ya mishahara ya muhula mmoja mzima, isiyoguswa kwa sababu yoyote nyingine.

Pili, chama kichague kijana mmoja wa hapa kwetu, mwenye subira na mapenzi ya watoto, kimgharimie mafunzo ya Montessori, naye aahidi kurudi kutumika hapa. Na apate cheti kinachotambuliwa na Serikali na kusajiliwa na Tume ya Kuajiri Walimu. Elimu ya awali iliwekwa mikononi mwa Kaunti na Katiba ya 2010, na shule yetu lazima itimize masharti yote ya usajili, ili mtoto wetu aingie Gredi ya Kwanza bila kizuizi.

Tatu, mtoto yeyote asirudishwe nyumbani kwa ajili ya karo. Asiyeweza kulipa kwa mara moja alipe kwa mafungu. Asiye na fedha alete mahindi, maharagwe au kuni za kupikia uji, au atoe siku za kazi, na yote yaandikwe kitabuni kwa heshima ile ile inayoandikiwa fedha. Mwenye nacho aombwe kumlipia mtoto mmoja asiye wake, wala jina la mtoto huyo lisitangazwe.

Nne, tukue polepole. Chumba hiki huchanganya watoto wa miaka mitatu hadi sita, wakubwa wakiwasaidia wadogo, na mchanganyiko huo ndio nusu ya mafundisho. Tupokee wachache kila muhula, mpaka chumba kijae watoto waliozoea. Chumba cha pili kisijengwe kabla mwalimu wa pili hajapatikana. Twajua wako wanaotaka shule kubwa mwaka ujao. Twawaomba wavumilie.

Ndugu zetu, hatuahidi kwamba watoto hawa wote watakuwa madaktari. Twaahidi kile tulichokiona kwa macho: mtoto aliyekuja akilia na kurusha vitu, sasa hukunja mkeka wake mwenyewe, hungoja zamu yake, na humwonyesha mdogo wake njia ya kushika jagi. Wazazi wametuambia kwamba watoto wamefika nyumbani wakafagia bila kutumwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na miaka hii michache ikipita hairudi.

Twawashukuru maseremala waliotoa siku zao, mama waliotunga ushanga, na wazee waliosuluhisha habari ya kiwanja. Kabla hamjapiga kura, twaomba kila mmoja apite katika chumba cha watoto hapo nyuma ya ukumbi, aketi kwenye mkeka kwa dakika tano, atazame bila kusema neno. Kisha tukate shauri.